Farasi, bustani au msitu: ulinganisho kwa anayetafuta tiba ya kisaikolojia nje ya ofisi

Mzazi akipiga simu kwenye kituo cha farasi kuulizia "tiba" ya mtoto, anaweza kuuziwa mojawapo ya huduma tatu zisizofanana. Ya kwanza ni upandaji farasi kwa watu wenye ulemavu au mahitaji maalumu. Anayeongoza ni mwalimu wa upandaji, na lengo ni mtoto ajue kupanda, apate mizani na kujiamini. Chama cha Uingereza cha Riding for the Disabled Association kilianza 1969, na mwaka huohuo Marekani ilianzishwa jumuiya ambayo leo inaitwa PATH International. Kazi hiyo ilipata msukumo kutoka kwa Lis Hartel wa Denmark, aliyekuwa amepooza miguu kwa polio na bado akashinda medali ya fedha ya upandaji farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki, 1952.

Ya pili ni hipotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia, tiba kazi au tiba ya matamshi humkalisha mgonjwa juu ya farasi anayetembea polepole, kwa sababu mwendo huo hutikisa nyonga mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu sawa na za mtu anayetembea kwa miguu yake. Hii ni tiba ya mwili. Inaweza kumfaa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto anayeamka usiku akipiga kelele tangu msiba uingie nyumbani anahitaji kitu kingine.

Kitu hicho ni huduma ya tatu: tiba ya kisaikolojia inayosaidiwa na farasi. Anayeiongoza ni mwanasaikolojia au mnasihi aliyesajiliwa, akiwa na mjuzi wa farasi pembeni, na mara nyingi hakuna anayepanda. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa EAGALA, jumuiya iliyoanzishwa Marekani 1999, ambao unataka watu hao wawili wawepo kila kikao na kazi yote ifanyike miguu ikiwa chini.

Upande wa mazingira asilia nao una mchanganyiko wake. Kuna tiba ya bustani, kuna mazungumzo ya kutembea na mtaalamu, kuna kukaa msituni kwa utulivu kama Wajapani walivyokupa jina la shinrin-yoku mwaka 1982, na kuna kambi za porini za wiki nyingi kwa vijana. Shinrin-yoku ni desturi ya afya njema. Inageuka tiba pale tu mtaalamu wa saikolojia anapoiweka ndani ya mpango wake.

Ushauri wetu ni kuchagua mtaalamu kwanza, mnyama au mti baadaye. Mnasihi mzuri mwenye kitalu cha mchicha ni bora kuliko zizi la kifahari lisilo na mnasihi.

Zizini, kikao kinavyokwenda

Kikao kimoja au viwili vya mwanzo hufanyika bila farasi. Mtaalamu huchukua historia, dawa zinazotumika, mzio, hofu ya wanyama, halafu lengo huandikwa kwa maneno yanayopimika. "Alale kitandani kwake usiku nne kwa wiki" ni lengo. "Ajiamini" ni matumaini tu.

Kikao chenyewe huchukua dakika 45 hadi 90. Dakika kumi za kwanza ni za usalama, hasa mwanzoni. Viatu viwe vya kufunika vidole. Farasi hukaribiwa kwa ubavu, usawa wa bega, kwa sababu haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia, na akishtuliwa hapo nyuma hupiga teke. Kamba ya kumwongozea hukunjwa mikunjo na kushikwa katikati. Haizungushwi mkononi hata mara moja, maana mnyama wa kilo 400 hadi 600 akishtuka hukimbia na mkono. Masikio yaliyolazwa nyuma ni onyo. Kwa ndugu zetu wa pwani na wa Ghuba: buibui, mtandio au khanga inayopepea huweza kumtisha farasi asiyeizoea, kwa hiyo ncha zichomekwe au zibanwe kwa pini, na saisi, yaani mtunza farasi, amzoeshe mnyama vazi hilo kabla ya siku yenyewe. Faida moja hapa ni kwamba familia nyingi za Kiislamu zinazosita mbwa wa tiba kwa ajili ya mate yake hazina tatizo hilo kwa farasi, na kazi ya miguu chini haidai suruali ya kupandia.

Zoezi huja baada ya hapo, dakika 25 hadi 35. Kikao cha kwanza kinaweza kuwa kutazama tu kundi la farasi wawili hadi wanne, na mtoto aseme nani mkubwa kwa wenzake, nani anaonewa, nani yuko peke yake. Mara nyingi anachokisema kinahusu nyumbani kwao. Vikao vinavyofuata ni kumvalisha farasi hatamu ya kamba, kumwongoza kati ya fito bila kumvuta, au kumfanya asogee hatua mbili nyuma bila kumgusa. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na uhai wake umetegemea kusoma miili ya wengine. Mtu akija mabega yamekaza na pumzi ameibana, mnyama hujitenga. Akishusha pumzi na kulegeza magoti, hubaki. Jibu hilo huja papo hapo na halina kejeli ndani yake, na ndiyo sababu kijana aliyechoka kuambiwa "badilika" na watu wazima hulikubali kutoka kwa farasi. Lakini farasi husoma mwili tu. Anayekuambia kwamba farasi anajua siri ya moyo wako anauza uganga.

Dakika 15 za mwisho ni za mazungumzo: umeona nini, ulifanya nini aliposimama, wapi tena katika maisha yako mambo hukwama hivyo. Zikikatwa kwa sababu mteja mwingine amefika, kilichobaki ni matembezi na mnyama, tena ya bei ghali.

Kwa familia, hakuna zoezi lililo na faida ya haraka kama hili: wape fito sita na ndoo nne, wajenge njia, kisha wote kwa pamoja wampitishe farasi bila kusema neno. Ndani ya dakika kumi mtaalamu ameona nani huamuru, nani hujitoa mapema, na mtoto gani hubeba kazi ya wazazi wake. Ofisini, habari hiyo hutoka kwa kudonolewa katika vikao kadhaa, kila mmoja akitetea upande wake.

Bustanini na msituni

Tuta la tiba liwe na upana usiozidi mita 1 ili mtu afikie katikati bila kukanyaga udongo; kwa mtoto anayefikia upande mmoja tu, sentimita 50 hadi 60 zinatosha. Anayetumia kiti cha magurudumu ajengewe kitanda cha udongo kilichoinuliwa sentimita 60 hadi 75. Mmea huchaguliwa kwa kufuata subira ya mtu. Mchicha huota ndani ya siku 3 hadi 7 na kuanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo mtoto asiyeweza kungoja huona tunda la mkono wake kabla hajakata tamaa. Mbegu zake ni ndogo mno: zichanganywe na mchanga mkavu, zifunikwe kwa udongo mwembamba wa nusu sentimita. Zikifukiwa kwa kina, hakitaota kitu, na mtoto aliyezoea kuamini kwamba kila anachogusa huharibika amepewa ushahidi mwingine. Kwa hiyo kitalu cha kwanza kisiachiwe bahati. Mtaalamu apande cha akiba pembeni. Kufeli kwa mmea kuna mafunzo yake, lakini wiki ya nane, baada ya ushindi mmoja mkononi.

Kwa mtu mzima mwenye sonona, bustani ina nguvu isiyosemwa vya kutosha. Miongoni mwa mbinu zilizothibitishwa vizuri kwa sonona ni kumrudisha mtu kwenye shughuli ndogondogo zilizopangwa kwa saa, hata kabla hamu haijarudi. Kumwagilia miche kumi ya sukumawiki kila asubuhi saa moja ni mbinu hiyohiyo ikiwa na majani. Tena huenda naye nyumbani: ndoo tatu kwenye roshani ya ghorofa ya nne zinatosha. Farasi hubaki zizini hadi wiki ijayo, na hapo ndipo tiba ya farasi huzidiwa, kwa sababu mabadiliko mengi hutokea kati ya vikao.

Matembezi na mtaalamu ni rahisi kuliko yote: saa moja, njia tambarare, mwendo ambao mtu anaweza kuongea bila kuhema. Watu wawili wanaotembea sambamba hawatazamani usoni, na wanaume wanaoona haya kulia mbele ya mtu huanza kusema wakiwa wanatazama njia. Kukaa msituni kwa mtindo wa Kijapani ni polepole zaidi, saa mbili kwa kilomita moja au mbili tu, ukisikiliza, ukinusa, ukigusa magome. Humfaa mwenye wasiwasi uliopitiliza. Kwa mtu ambaye kiwewe chake kilitokea porini au vichakani, wakiwemo wakimbizi wengi waliokimbia vita kupitia misitu ya Kongo na Burundi, ukimya wa miti ndio unaoamsha kumbukumbu. Huyo aulizwe kabla ya kupelekwa popote.

Tatizo kubwa la msitu ni siri. Msitu wa Karura, Nairobi, siku ya Jumapili una watu kila kona. Mtaalamu makini hukubaliana na mteja mapema: tukikutana na mtu unayemfahamu, wewe ndiye utakayeamua kama tusimame, na mimi sitajitambulisha. Asiyelizungumzia jambo hilo kabla ya kuondoka bado hajaifikiria kazi yake.

Kambi za porini za wiki nyingi tunaziweka kando, na tunamwambia mzazi aliye Marekani azikwepe isipokuwa ana hoja nzito sana. Ofisi ya serikali ya nchi hiyo ya ukaguzi, GAO, ilitoa ripoti 2007 kuhusu vifo na mateso ya vijana katika programu za aina hiyo, na Desemba 2024 ilitiwa saini sheria ya kuzuia unyanyasaji wa watoto kwenye taasisi za namna hiyo. Dalili ya hatari ni kampuni inayojitolea kuja kumchukua kijana usiku bila ridhaa yake, au inayozuia simu za wazazi. Wengi wetu ughaibuni tunaujua mtindo wa kumrudisha kijana nyumbani "akanyooke". Hizi kambi ni binamu wa mtindo huo, mwenye ankara ndefu zaidi.

Ushahidi una uzito gani

Hapa watangazaji wa farasi hutia chumvi. Mwaka 2014 watafiti walipitia tafiti 14 za tiba za farasi kwa matatizo ya akili, wakakuta zote zina kasoro za mbinu. Kazi bora imefuata: Chuo Kikuu cha Columbia kilitengeneza mpango wa vikao 8 vya dakika 90 kwa wanajeshi wastaafu wenye kiwewe, na matokeo ya washiriki 63 yakachapishwa 2021. Zaidi ya nusu walipungukiwa dalili kwa kiwango cha kutajika. Hata hivyo utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha.

Kwa mazingira asilia, utafiti wa 2019 wa watu karibu 20,000 Uingereza ulihusisha dakika 120 au zaidi kwa wiki nje na afya na hali njema zaidi. Ni uhusiano tu, na waliopimwa hawakuwa kwenye tiba.

Sasa linganisha na chumba cha kawaida. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe cha watoto ilijaribiwa Moshi na Bungoma kwa watoto yatima 640, ikiongozwa na wanajamii waliofunzwa, vikao 12 vya kikundi na vichache vya mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa 2020, na yalikuwa na nguvu na kudumu zaidi upande wa Kenya. Hakuna farasi aliyewahi kupita mtihani wa ukubwa huo Afrika Mashariki. Kwa hiyo kwa kiwewe kikali cha mtoto, chumba kitangulie, na zizi au bustani viongezwe pale mtoto anapokataa chumba au anapokwama ndani yake.

Nani asiende, au asubiri

Mtu anayesikia sauti au mwenye mawazo yaliyokatika na uhalisia kwa sasa, aliyelewa, au aliye katika hatari ya kujiua wiki hii, anahitaji hospitali, zizi lingoje. Mtoto aliyewahi kutesa wanyama hapewi mnyama kabla ya tathmini ya kina. Mimea inaweza kuwa mwanzo wake. Mwenye pumu apime kwanza kukaa karibu na nyasi kavu, maana vumbi lake na nywele za farasi huamsha shambulio. Wote wanaogusa udongo na samadi wawe na chanjo ya pepopunda.

Kama kuna kupanda, masharti huongezeka: kifafa kisichodhibitiwa, mifupa dhaifu, ujauzito, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Down, kulegea kwa viungo vya juu vya shingo ambako daktari lazima akuthibitishe kuwa hakupo. Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa farasi, kwa hiyo farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya kilo 90 hata siku yuko imara.

Bei, na mahali pa kupata

Farasi wa kilo 500 hula karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, hukatwa kwato kila wiki 6 hadi 8, na ana daktari wake, saisi wake na bima. Ongeza wataalamu wawili kwenye kikao kimoja, na utaelewa kwa nini bei huzidi ya ofisi. Kikundi cha watu wanne hadi sita hupunguza mzigo. Bima nyingi Marekani hulipa sehemu ya mazungumzo ikiwa mtaalamu ana leseni, na gharama ya farasi humwangukia mteja. Uholanzi, mashamba ya huduma huweza kulipiwa na manispaa. Uingereza, muulize daktari wa familia kuhusu shughuli za mazingira asilia zinazoandikwa kama rufaa, maana bustani hupatikana humo kwa urahisi kuliko farasi.

Kwetu, farasi ni wachache kwa sababu za kale: nagana inayoenezwa na mbung'o, na homa ya farasi ya Afrika inayoenezwa na visubi. Nairobi, upande wa Karen na Ngong, ndiko kuliko na mazizi mengi. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014 inayodai usajili, kwa hiyo kudai kuona cheti ni haki yako. Ukiwa Tanga, Zanzibar au Mombasa, usisafirishe mtoto kila wiki kufuata farasi. Uchovu wa safari hula faida. Lamu ina punda tele, na punda mpole humfaa mtoto mdogo mwenye hofu, kwa kuwa ni mfupi na akishtuka husimama kuliko kukurupuka. Ila awe punda aliyepumzishwa na kufunzwa kazi hiyo. Aliyebeba mchanga tangu alfajiri na ana vidonda mgongoni hana cha kumpa mtoto.

Tungechagua hivi

Mtoto wa miaka 5 hadi 10 aliyefunga mdomo baada ya msiba: mchezo na bustani, kisha farasi ikiwa anapenda wanyama. Kijana anayegoma ofisi: zizi au matembezi, aachwe achague. Mtu mzima mwenye sonona: bustani, bila kusita. Aliyenyanyaswa: ofisi hadi ajue kujituliza kumbukumbu zinapovamia, halafu farasi, kwa kuwa kumwambia mnyama mkubwa "simama hapo" na akasimama ni zoezi la mipaka lisilo na mfano. Familia inayogombana: vikao vitatu hadi sita vya zizini, kisha warudi chumbani na walichokiona. Mtoto mwenye usonji: upandaji au kazi na farasi miguu ikiwa chini, vyote vinaweza kumtuliza na kumpa mazoea, lakini muulize mwenye kituo anapima nini, kwa sababu "ametabasamu" si kipimo.

Kwenye simu, uliza nani ana usajili wa saikolojia na atakuwepo kikao kizima. Farasi hufanya kazi saa ngapi kwa siku na hupumzishwa vipi. Mvua ya masika ikinyesha kikao kinahamia wapi. Na farasi akifa au akiuzwa, nani atamwambia mtoto na lini. Swali hilo la mwisho huwakwamisha wengi, na mtoto aliyekwisha kufiwa ndiye anayelipa. Kisha lipia vikao vinne tu. Baada ya cha nne, fungueni karatasi ya lengo pamoja na mtaalamu: kama usiku wa kulala kitandani kwake bado ni ule mmoja wa mwanzo, mpango ubadilishwe kabla ya kulipia cha tano.